Jina Juu ya Kazi ya Mikono Yako

Mazungumzo ya redioni
Masomo: Marko 7:9–13 na Yohana 19:19–27

 

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya majina tunayoyapa kazi za mikono yetu. Ukipita katika soko lolote la nchi yetu utayaona. Duka limeandikwa Ebenezeri, hoteli imeandikwa Betheli, na matatu imeandikwa jina la binti mdogo wa mwenye gari. Kwaya huitwa kwa jina la mlima ulio karibu, na shule ya nasari kwa jina la nyanya aliyetoa kipande cha shamba. Sisi watu wa Kenya hatujapata kuliona jina kuwa jambo dogo. Wako miongoni mwetu ambao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, lisipotee. Wako wanaomwita mke aliyeolewa kuwa ni binti wa mahali fulani, ili ijulikane siku zote ya kwamba naye ana kwao. Na karibu kila mahali mwanamke akiisha kuzaa, jina lake huwekwa kando, akaitwa Mama Fulani.

Basi mama hubeba jina la mtoto wake maisha yake yote. Je, mtoto akitaka naye kubeba jina la mama, na jina la kijiji alikozaliwa, na kuliweka juu ya kazi aliyoifanya kwa jasho lake, afanya vema au afanya vibaya?

Swali hili tumeletewa kwa barua na kijana mmoja msikilizaji wetu. Hatutamtaja yeye wala kwao. Yeye ni mtungaji wa nyimbo katika kwaya ya kanisa lake huko mjini. Ametunga nyimbo 12, na kwaya imekwisha kuzirekodi. Sasa mkusanyo huo wahitaji jina. Yeye ataka uitwe kwa jina la mama yake, ambaye ni mjane, pamoja na jina la kijiji chao, kwa sababu sauti nyingi za nyimbo hizo alizipata akiwa mtoto, mama akiimba huku akipalilia mahindi. Lakini mzee mmoja wa kanisa amekataa, asema nyimbo za Mungu haziitwi kwa jina la mwanadamu. Tena kaka yake mkubwa amekasirika, asema kama ni jina la mzazi, la marehemu baba lingetangulia. Kijana auliza: Nifanye nini? Na mwishoni kabisa, kama mtu aongezaye neno la kupita tu, aandika ya kwamba hajafika nyumbani kwa muda wa miaka 3, kwa kuwa shughuli za kwaya ni nyingi na nauli imepanda.

Ndugu zetu, tumeisoma barua hii mara nyingi, na tumeona ya kwamba yatuhusu sote. Maana si watunzi wa nyimbo peke yao wenye kazi za kupewa majina. Yuko aliyejenga nyumba, yuko aliyefungua karakana ya useremala, yuko mama aliyeanzisha kikundi cha kusuka vikapu. Basi tuyatazame Maandiko.

Kwanza, tuone kama jambo hili lakatazwa.

Tukifungua kitabu cha Mwanzo, twawakuta watu wa Babeli katika sura ya 11. Walichoma matofali, wakajenga mji na mnara, na nia yao waliisema wazi: wajifanyie jina. Mungu hakupendezwa. Kisha yuko Absalomu katika 2 Samweli 18. Alijisimamishia nguzo katika Bonde la Mfalme, akaiita kwa jina lake mwenyewe, akisema hana mwana wa kulikumbusha jina lake. Lakini angalieni ni Absalomu yupi huyu. Ndiye aliyemwasi Daudi baba yake, hata mzee yule akaukimbia mji, akaupanda mlima wa Mizeituni akilia, miguu haina viatu. Mtoto alijijengea ukumbusho, huku akimfukuza mzazi wake nyumbani. Mwisho wake alitupwa katika shimo msituni, wakarundika mawe juu yake, na nguzo yake haikumfaa kitu.

Lakini sasa mgeukieni fundi mwingine, katika Kutoka sura ya 31. Mungu alipotaka hema ya kukutania ijengwe, alimwita fundi kwa jina. Alimtaja kuwa ni Bezaleli, mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila ya Yuda. Kisha akamtaja msaidizi wake, Oholiabu, mwana wa Ahisamaki, wa kabila ya Dani. Mwaona jambo hilo? Mungu mwenyewe, akizungumza juu ya kazi ya dhahabu na fedha na shaba, ya kuchonga mbao na kukata vito, hakuona vibaya kumtaja baba wa fundi, na babu yake, na kabila yake. Kazi ilikuwa takatifu, na bado jina la mzazi lilikuwamo.

Tena someni mwanzo wa Mithali 31. Maneno yale ni ya mfalme Lemueli, lakini kichwa chake chakiri ya kwamba alifundishwa na mama yake. Mfalme hakusema ni hekima yake. Na mtume Paulo, akimwandikia Timotheo barua yake ya pili, alizikumbuka imani za wanawake wawili kwa majina: Loisi nyanya yake, na Eunike mama yake. Kama Roho Mtakatifu aliruhusu majina ya mama na nyanya yaandikwe katika Biblia, nani atamzuia kijana kuliandika jina la mama yake juu ya nyimbo alizozipata kinywani mwake?

Basi mzee yule wa kanisa twamjibu kwa heshima. Hofu yake ni njema, kwa maana utukufu ni wa Mungu. Yuko mtungaji mkuu wa Ujerumani, Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa 1685 akafa 1750. Mwishoni mwa kazi zake nyingi za kanisa aliandika herufi tatu, S.D.G., maana yake kwa Kilatini ni utukufu kwa Mungu peke yake. Kijana naye na aanze hapo. Utukufu ukiisha kupewa mwenyewe, shukrani kwa mama haiuibi. Mkulima asifuye mvua hamtukani Mungu aliyeinyesha.

Pili, tuone jinsi Kanisa lilivyofanya tangu zamani.

Wako wasikilizaji wetu waimbao kwa nota. Ninyi mwajua ya kwamba katika vitabu vya nota, juu ya wimbo, mara nyingi huandikwa neno ambalo halimo katika wimbo wenyewe. Hilo ndilo jina la sauti, au tuni kama tusemavyo. Wengi hatulitazami. Lakini majina hayo mengi ni majina ya nyumbani kwa watu.

Mwajua wimbo ule wa msafiri amwombaye Yehova amwongoze katika nchi kavu mpaka avuke Yordani. Waimbwa sana hata hapa kwetu, hasa kwenye mazishi. Maneno yake yalitungwa Wales na mhubiri William Williams, aliyekufa mwaka 1791. Watu wa kwao hawamwiti Williams tu, kwa kuwa jina hilo ni la wengi, humwita Pantycelyn. Na Pantycelyn ni jina la shamba, tena ni shamba la upande wa mama yake. Sauti inayojulikana sana ya wimbo huo iliimbwa katika kanisa dogo la Hopkinstown, karibu na Pontypridd, mwaka 1907. Aliyeitunga ni John Hughes. Mtu huyu alianza kazi akiwa mtoto katika mgodi wa makaa ya mawe, baadaye akawa karani wa reli, na katika kanisa lake la Kibaptisti aliwaongoza watu kuimba, kama baba yake alivyofanya kabla yake. Sauti hiyo yaitwa Cwm Rhondda, yaani Bonde la Rhondda, bonde la wachimba makaa. Basi kila tuuimbapo wimbo huo, twaimba maneno ya mtu aliyeitwa kwa shamba la kwa mama yake, kwa sauti iliyoitwa kwa bonde la wachimba makaa.

Na yuko mwingine, Ralph Vaughan Williams wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1872 katika kijiji kiitwacho Down Ampney, ambako baba yake alikuwa kasisi wa parishi. Mwaka 1875 baba akafa, na mtoto hajatimiza hata miaka 3. Mama akawachukua watoto wake akarudi nao kwa wazazi wake, mbali na kijiji kile. Mtoto akakua, akawa bingwa wa muziki. Alipokuwa akisimamia muziki wa kitabu kikubwa cha nyimbo kilichotolewa mwaka 1906, alitunga sauti kwa ajili ya sala ya kale ya Kiitalia imwombayo Roho Mtakatifu ashuke moyoni. Akaiita Down Ampney. Kijiji alichokitoka akiwa mdogo hivyo, parishi ya baba ambaye hata sura yake huenda hakuikumbuka vizuri, ndicho alichokiandika juu ya sauti ile, na huenda ni miongoni mwa nzuri kuliko zote alizozitunga. Katika kitabu hicho hicho aliweka sauti nyingine yake, ile ya wimbo wa watakatifu waliopumzika kazi zao, akaiita kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya pasipo jina.

Hatusemi ya kwamba mtu huyo alikuwa mwalimu wa imani. Hakuwa na imani kama ya baba yake. Hata hivyo makanisa ya nchi nyingi yamelibeba jina la kijiji kile kwa zaidi ya miaka mia, na kasisi yule aliyekufa mapema anaendelea kukumbukwa. Wajane mnaotusikiliza, jipeni moyo. Mtoto wa miaka 2 aonekana hajui kitu, lakini hamjui atakachokibeba.

Tatu, tuone hatari iliyomo. Hapa twawaomba mtege masikio.

Katika Marko 7 Bwana wetu alizungumza na Mafarisayo juu ya amri ya kuwaheshimu baba na mama. Walikuwa na desturi moja. Mtu mwenye mali angeweza kutamka neno juu ya mali hiyo, aseme ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Akiisha kulitamka, mzazi wake mzee akija kuomba msaada ajibiwa ya kwamba haiwezekani, mali hiyo ina jina takatifu. Bwana akawakemea, akasema kwa njia hiyo wamelitangua neno la Mungu.

Mwaona, ndugu zetu? Korbani ni jina. Ni jina zuri, jina la ibada. Lakini lilikuwa mlango wa kumfungia mzazi nje. Na siku hizi Korbani imevaa nguo nyingine. Yuko mwana aliyeandika jina la mama yake kwa rangi nyekundu juu ya duka lake mjini, na mama mwenyewe huko mashambani aazima sukari kwa majirani. Yuko binti aliyemchapishia baba kalenda yenye picha yake, na mzee haoni hata kuisoma kwa sababu hana miwani. Tena twajua jinsi tulivyo hodari wa mazishi. Marehemu hupewa jeneza la mninga, na hotuba, na fulana zenye sura yake, na wengine wa walio pale hawakumletea hata kilo ya unga alipokuwa hai. Hayo yote ni majina juu ya vitu. Heshima iko wapi?

Sasa twamgeukia kijana wetu. Mpendwa, barua yako ina maswali mawili, lakini sisi tumeliona na la tatu, lile uliloliandika pembeni. Miaka 3 hujafika nyumbani. Hatukuhukumu, twajua nauli, twajua kodi ya nyumba, twajua mazoezi ya kwaya ya kila jioni. Lakini twakuuliza kwa upole: mama ameisikia hata moja ya nyimbo hizo 12? Amejua ya kwamba kupalilia kwake kumekuwa wimbo? Pengine mama huyo, jua likichwa, hufikiri ya kwamba mwanawe amemsahau, na kumbe mwanawe amwimba mbele ya watu mia tano.

Ushauri wetu ni huu. Kabla hujaichapa kasha ya nyimbo hizo, panda gari uende nyumbani. Mpelekee mama nyimbo azisikie kwanza, akiwa ameketi kwenye kigoda chake jikoni. Kisha mwombe ruhusa. Wako akina mama waonao haya kutajwa hadharani, na jina ni lake. Akikubali, vema. Akisema mwanangu, usiandike jina langu, andika la kijiji peke yake, mtii. Kumtii ndiko kumheshimu. Na fedha zikipatikana katika kazi hiyo, jina lake lisiwe juu ya kasha tu. Liwe pia katika hesabu, alipwe bati la paa na dawa ya presha.

Halafu nenda kwa kaka yako. Amri ya Mungu yasema baba na mama, wala haikuwapanga wapigane. Andika ndani ya kasha maneno machache ya kumkumbuka marehemu baba, na umwombe kaka ayaandike yeye. Maana Bwana alisema katika Mathayo 5 ya kwamba ukileta sadaka madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, ukapatane naye kwanza. Nyimbo zako ni sadaka. Usizitoe zikiwa na ugomvi wa watoto wa nyumba moja.

Nne na mwisho, tuseme neno kwa wale ambao nyumbani kwao hapana utamu.

Twajua wako wanaotusikiliza na kuona uchungu. Baba alikuwa mlevi. Mama alikuacha kwa watu. Kijiji kilikucheka kwa umaskini wako, au kilikuchomea nyumba ukakimbia usiku. Wewe wajiuliza, jina la kwetu niliweke juu ya kitu gani?

Mtazame Yesu. Kwao palikuwa Nazareti, mahali ambapo Nathanaeli aliuliza kama chaweza kutoka kitu chema huko. Tena watu wa Nazareti wenyewe, katika Luka 4, walimwinua wakampeleka ukingoni mwa kilima wapate kumtupa chini. Angeweza kulikataa jina hilo. Lakini hakulikataa. Alipokuwa amekwisha kufufuka na kupaa mbinguni, akamtokea Sauli njiani kuelekea Dameski, alijitambulisha, kama Paulo mwenyewe alivyosimulia katika Matendo 22, kuwa yeye ni Yesu wa Nazareti. Kutoka katika utukufu bado alijiita kwa kijiji kilichotaka kumwua. Wala hakusema ya kwamba Nazareti ilitenda haki. Kumheshimu mzazi au nyumbani si kusema uongo juu yao. Ni kukiri ya kwamba Mungu alikupitisha pale, na kumwachia yeye hukumu.

Na sasa tulitazame somo letu la pili, Yohana 19. Juu ya msalaba Pilato aliandika anwani, kwa Kiebrania na Kirumi na Kiyunani, nayo ilimtaja Yesu kwa jina la kwao, Mnazareti. Na chini ya msalaba, aya chache tu mbele yake, mama yake amesimama. Mwana yumo katika maumivu ya kufa, afanya kazi kubwa kuliko kazi zote, kazi ya kutuokoa sisi. Hakusema kazi hii ni takatifu mno, mama na angoje. Alimtazama, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake.

Basi mambo yote mawili yalikuwapo pale. Juu yake palikuwa na jina la nyumbani, na chini mama amepata wa kumtunza. Nawe unayetaka kuliandika jina la mzazi wako juu ya nyumba, au kitabu, au karakana, au wimbo, liandike bila hofu. Ila tazama na chini, uone mzazi huyo amesimama wapi leo, na nani anamtunza. Kama amekwisha kulala, wako wazee wengine kijijini waliomsaidia kukulea; watafute hao.

Na tuombe.

Ee Baba yetu uliye mbinguni, ambaye kwako kila ubaba umepata jina lake, twakushukuru kwa wazazi uliotupa na mahali ulipotuzaa. Wabariki mafundi, na watunzi wa nyimbo, na wote wafanyao kazi kwa mikono yao. Utusamehe ambapo tumetamka Korbani juu ya chakula cha wazee wetu. Wafariji wajane wangojao mlango ubishwe, nawe uwape watoto wao nauli na moyo wa kurudi. Waponye waliojeruhiwa katika nyumba walizozaliwa. Na jina lako litukuzwe juu ya majina yote. Twaomba haya katika jina la Yesu wa Nazareti, Bwana wetu. Amina.